Sura ya 6: Uteuzi wa Mbunge

Douglas MacArthur, yule jenerali wa nyota tano wa Vita Kuu ya Pili, aliangushwa kabla hajapokelewa chuo cha kijeshi cha West Point. Baba yake alikuwa afisa mwenye Nishani ya Heshima, tuzo ya ushujaa iliyo juu ya zote katika majeshi ya Marekani. Familia ilimwombea nafasi kwa Rais Grover Cleveland, ikagonga mwamba. Ikamwombea kwa Rais William McKinley, yakawa yale yale. Alipopimwa afya, uti wa mgongo ulikutwa umepinda. Mama yake akafunga virago, akahamia naye Milwaukee, kwenye wilaya ya uchaguzi ya mbunge Theobald Otjen, akamtafutia daktari wa mgongo na walimu wa kumnoa. Mwaka 1898 Otjen alipowashindanisha vijana wa eneo lake kwa mtihani, MacArthur alipata alama 93.3 na kuwaacha wenzake mbali. Aliingia chuoni mwaka 1899, akamaliza mwaka 1903 akiwa wa kwanza katika darasa lake.

Marais wawili hawakumsaidia. Kilichomwingiza ni mbunge wa mahali alipokuwa akiishi, na mtihani alioufanya pamoja na watoto wa majirani. Miaka zaidi ya mia imepita, mtihani wa Otjen umegeuka kuwa faili la kompyuta, lakini mlango uko palepale.

Vyuo vinavyozungumziwa hapa ni vitano, vyote mali ya serikali kuu ya Marekani. West Point, cha jeshi la nchi kavu, kiko kando ya mto Hudson katika jimbo la New York na kilianzishwa mwaka 1802. Cha wanamaji kiko Annapolis, Maryland, tangu 1845. Cha anga kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1954 na kiko Colorado Springs. Kuna cha walinzi wa pwani pale New London, Connecticut, na cha mabaharia wa meli za biashara pale Kings Point, New York. Ada hakuna. Katika vinne vya kwanza mwanafunzi analipwa posho kila mwezi, na akimaliza anatoka na shahada pamoja na cheo cha kwanza cha uafisa, ambacho katika jeshi la nchi kavu ni luteni usu. Hata kutuma maombi hakulipiwi. Haishangazi kwamba West Point peke yake huanzishiwa mafaili zaidi ya 10,000 kwa mwaka, huku darasa linaloingia likiwa la vijana kama 1,200.

Msomaji wa Tanzania anaijua Monduli, na wa Kenya anaijua Lanet. Huko jeshi lenyewe hutangaza nafasi, husaili na huchagua. Mmarekani anayetaka West Point, Annapolis, Colorado Springs au Kings Point lazima kwanza ateuliwe na mtu mwenye mamlaka hayo kisheria, na kwa vijana wengi mtu huyo ni mwanasiasa: mbunge wa wilaya yao au mmoja wa maseneta wawili wa jimbo lao. Chuo cha walinzi wa pwani peke yake ndicho hakidai uteuzi. Kijana anaomba moja kwa moja, kama anavyoomba chuo kikuu chochote.

Mwanasiasa alifikaje mlangoni? Katika karne ya 19 Wamarekani wengi waliliogopa tabaka la maafisa linalorithishana vyeo, kama walivyoliona Ulaya. Mwaka 1830 mbunge Davy Crockett wa Tennessee, mwindaji aliyegeuka shujaa wa hadithi, alipeleka hoja bungeni ya kutaka West Point ifungwe kwa sababu, kwa maoni yake, ilikuwa ya watoto wa matajiri na wenye majina. Hoja haikupita, ila lawama hazikuisha. Mwaka 1843 Bunge likatunga sheria iliyofungamanisha idadi ya kadeti na idadi ya wabunge: kila wilaya ya uchaguzi na kijana wake, na kijana awe mkazi wa hapo. Nia ilikuwa maafisa watoke kila kona ya nchi. Mbunge hakupewa mamlaka haya kama zawadi. Alipewa ili chuo kisiwe cha watu wachache, na huko ndiko tutakakorudi tukizungumzia kujuana.

Leo kila mmoja wa wabunge 435 na maseneta 100 anaruhusiwa kuwa na kadeti 5 kwa wakati mmoja katika kila chuo kinachohusika, isipokuwa Kings Point ambako mgawo unafuata majimbo. Kwa kuwa masomo ni ya miaka minne, nafasi inayofunguka ni kama moja kwa mwaka, mara chache mbili. Kwa kila nafasi mbunge hupeleka orodha ya majina. Kwa miaka mingi kikomo kilikuwa majina 10. Anaweza kuyapeleka yote sawasawa, chuo kichague aliye bora. Anaweza kumtaja mmoja kuwa chaguo lake la kwanza, na huyo akishatimiza masharti ya masomo, afya na mwili, chuo kinampa nafasi hata kama wa nne kwenye orodha ana alama kubwa kuliko yeye. Au anaweza kuwapanga wote kwa namba. Ofisi nyingi hufuata njia ya kwanza. Inafaa kuuliza ya kwenu inafuata ipi, na swali hilo si la utovu wa adabu.

Hapa ndipo hesabu ya mashindano inapobadilika. Magazeti hupenda kutaja asilimia ya waliopokelewa nchi nzima, kana kwamba kijana wa Ohio anagombea na wote waliofungua faili. Kwanza anagombea na watu wa orodha yake. Katika kaskazini ya Virginia, karibu na Pentagon, ambako kila mtaa una kanali mstaafu na watoto waliokua wakiimbiwa Annapolis, orodha ya mbunge hujaa vijana ambao kwingine wangekuwa wa kwanza. Katika wilaya za mashambani zisizo na kambi ya jeshi, waombaji huwa wachache. Chuo hakisahau kabisa wale walioachwa: wapo wanaochukuliwa kwa sifa kutoka orodha ya taifa baada ya nafasi za wabunge kujazwa. Ndiyo maana ushauri wa kwanza wa kila anayeijua kazi hii ni mmoja. Mwandikie mbunge, waandikie maseneta wote wawili, mwandikie na Makamu wa Rais, ambaye naye ana kadeti wake 5. Ukiandika kwa mmoja tu umejipunguzia mwenyewe.

Mlango wa Rais uko, ila una wenyewe. Ni wa watoto wa wanajeshi wa muda mrefu, na nafasi zake hazizidi 100 kwa mwaka katika kila chuo. Mtoto wa aliyepata Nishani ya Heshima hahesabiwi kabisa katika mgawo: akitimiza masharti, anaingia. Angekuwa anaomba leo, MacArthur asingehitaji kuhamia Milwaukee.

Sasa kujuana. Katika familia zetu zilizohamia Marekani, ziwe za Wakenya wa Minnesota au za Wakongomani wa Louisville na Portland, neno mbunge huwashtua wazazi. Wanalisikia kwa masikio ya nyumbani: mbunge ni mtu wa kufikiwa kwa mjomba wa mtu, kwa mchango wa harambee, kwa bahasha. Mama anamwambia binti yake, "Sisi tunamjua nani huko?" na faili linafungwa kabla halijafunguliwa. Sisemi kujuana hakupo. Magazeti ya Marekani yamewahi kuripoti watoto wa wachangiaji wa kampeni wakiteuliwa. Lakini utaratibu wa kawaida ni mkavu kuliko watu wanavyodhani. Ofisi ya mbunge ina mfanyakazi mmoja anayeshughulikia uteuzi. Fomu iko kwenye tovuti yake. Inajazwa, inaambatanishwa na matokeo ya shule, alama za mtihani wa SAT au ACT, insha fupi na barua za walimu, inatumwa kabla ya tarehe ya mwisho, ambayo mara nyingi huangukia Septemba au Oktoba. Mbunge hahitaji kukufahamu. Hahitaji hata kuwa wa chama chako.

Anayepita hatua ya fomu anaitwa kwenye usaili, na inafaa kuutazama chumba hicho kwa karibu. Ni ofisi ya wilaya au ukumbi wa maktaba, jioni ya Oktoba au Novemba. Mezani wamekaa wazee wachache: kanali mstaafu, mwalimu mkuu, labda mama aliyesoma Annapolis miaka ya themanini, kwa kuwa wanawake walianza kupokelewa mwaka 1976. Mbunge mwenyewe mara nyingi hayupo. Wanauliza kwa nini unataka kuwa afisa. Wanauliza utafanya nini ukikosa. Wanauliza ni chuo kipi unakitaka kwanza na kwa sababu gani, na hapo wengi huumbuka, maana mtu aliyeomba Annapolis na hajui kwamba wahitimu wake huweza pia kuwa maafisa wa kikosi cha Marines anaonekana hakufanya utafiti. Ukijibu kwamba wazazi wanataka, au kwamba chuo ni cha bure, kalamu za mezani zinatulia.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya Kiingereza haviligusi. Mtoto aliyelelewa Kiswahili amefundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, kujibu kwa sauti ya chini, kutojisifu. Kanali wa pale mezani hajui kwamba hiyo ni heshima. Anaandika kwenye karatasi yake: hajiamini. Si haki, lakini ndivyo ilivyo, na dawa yake ni mazoezi. Mweke mtoto mbele ya baba mdogo na shangazi, wamsaili kwa Kiingereza, amtazame kila mmoja usoni, aeleze kwa maneno yake mwenyewe jinsi alivyowaongoza wenzake mwaka ule timu ilipokosa kocha. Kueleza ulichofanya si majivuno.

Jingine ni simu. Ofisi nyingi zinataka kijana apige mwenyewe, aandike baruapepe mwenyewe, afuatilie mwenyewe. Mzazi akipiga, inaonekana. Mama yake MacArthur alipanga katika hoteli ya Craney's, jirani na chuo, muda wote mwanawe aliposoma. Leo angewachosha maafisa udahili mpaka wamkimbie.

Kabla ya yote hayo kuna uraia, na hapa ndipo familia nyingi za wahamiaji hupoteza nafasi bila kujua. Siku ya kuripoti chuoni, mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, kijana lazima awe raia wa Marekani, awe ametimiza miaka 17, hajaoa wala hajaolewa, na hana mtoto wa kumlea kisheria. Kadi ya ukaazi wa kudumu, ile ya kijani, haitoshi. Lakini sheria ya mwaka 2000 ina kifungu chenye faida kubwa: mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye kadi ya kijani, anayeishi na mzazi anayemlea kisheria, anakuwa raia papo hapo mzazi huyo anapokula kiapo cha uraia. Hana mtihani wa kufanya. Na mkimbizi aliyepata kadi ya kijani huhesabiwa ukaazi wake tangu siku alipoingia nchini, kwa hiyo ile miaka mitano ya kusubiri uraia huanza mapema kuliko tarehe aliyopewa kadi. Baba anayeahirisha maombi yake ya uraia kwa sababu ya shughuli za kazi, mtoto akatimiza miaka 18 kabla ya kiapo, amemlazimisha mwanawe aanze mwenyewe kutoka mwanzo. Ongea na wakili wa uhamiaji mtoto angali darasa la 8 au la 9.

Faili lenyewe linapimwaje? West Point imekuwa ikitumia mizani ya asilimia 60 kwa masomo, 30 kwa uongozi na 10 kwa uwezo wa mwili. Masomo ni wastani wa alama, ugumu wa masomo uliyochagua, hasa hisabati na sayansi, na SAT au ACT. Kwenye uongozi vijana wetu hujinyima. Wanadhani ni unahodha wa timu na uenyekiti wa klabu basi, na kijana anayefanya kazi ya jioni kwenye duka la vyakula, anayewatafsiria wazazi kwa daktari na kuwapeleka wadogo zake shule, anaacha sehemu hiyo wazi kwa kuona aibu. Aiandike yote, kwa saa na kwa wiki. Mwenye kusoma faili anatafuta mtu aliyekwisha kubeba wajibu. Suala la rangi, kwa upande wake, limeondolewa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipopiga marufuku vyuo vikuu kuzingatia rangi mwaka 2023, iliviacha vyuo vya kijeshi kando, lakini mwaka 2025 navyo viliacha. Hakuna tena alama ya kutegemea hapo, kama iliwahi kuwepo.

Jaribio la mwili lina mambo sita, na la kwanza huwashangaza wote. Kijana anapiga magoti yote mawili sakafuni, anashika mpira wa kikapu kwa mkono mmoja, anaurusha juu kwa mbele kadiri awezavyo. Magoti hayaruhusiwi kunyanyuka. Mtoto aliyecheza soka tangu anajua kutembea anagundua hapo kwamba miguu yake haina msaada wowote: nguvu yote inatoka kiunoni, mgongoni na begani, na mpira unaanguka karibu mno. Kinachofuata ni kujivuta kwenye bomba, mbio fupi za kwenda na kurudi, mazoezi ya tumbo, pushapu, na mwisho maili moja, yaani kilomita 1.6, na kati ya zoezi na zoezi mapumziko ni ya dakika chache tu. Anayesimamia ni mwalimu wa michezo wa shuleni au afisa. Wengi huyafanyia mazoezi yote matano ya nyuma na kulisahau la mpira. Mwezi mmoja wa kurusha ukiwa umepiga magoti uwanjani nyuma ya nyumba, hata kama majirani wanacheka, unatosha kubadilisha namba.

Afya hupimwa na bodi ya Wizara ya Ulinzi inayoitwa DoDMERB. Pumu iliyoendelea baada ya kutimiza miaka 13, upasuaji wa goti, macho, baadhi ya mizio, haya huangusha watu wengi kwenye karatasi. Kuangushwa huko si mwisho: chuo kinachomtaka kijana kinaweza kumwombea msamaha, na misamaha hutolewa. Kisichosamehewa ni kuficha. Ukaandika huna pumu huku duka la dawa lina rekodi ya dawa zako za kuvuta, umeshajibu swali la uaminifu kabla hujaulizwa.

Ratiba ni ndefu, na inaanza mapema kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Faili la awali hufunguliwa majira ya kuchipua ya darasa la 11. Kipindi hicho hicho huombwa nafasi za wiki ya majaribio ya kiangazi chuoni. Fomu za wabunge hujazwa kiangazi, usaili ni vuli, na majina ya walioteuliwa hupelekwa vyuoni kabla ya Januari 31. Majibu mengine huja mapema, mengine Aprili. Anayesubiri darasa la 12 ndipo aulize, amechelewa kwa sehemu kubwa ya mambo haya.

Akikosa? Anaweza kuomba tena mwaka unaofuata, na wako wanaofaulu mara ya pili baada ya mwaka mmoja wa chuo kikuu cha kawaida. Vyuo vya jeshi la nchi kavu, wanamaji na anga vina pia shule zao za maandalizi za mwaka mmoja; huombi kuingia huko, wao ndio humpa nafasi mwombaji wanayeona anahitaji kupigwa msasa. Na kuna njia ya askari: sheria imetenga nafasi kwa ajili ya walioko jeshini tayari. Mwaka 2016 picha ya kadeti Alix Idrache, mzaliwa wa Haiti, akitokwa na machozi kwenye mahafali ya West Point ilizunguka dunia. Alipofika Marekani alijiunga kwanza na askari wa akiba wa National Guard ya Maryland, akapata uraia, ndipo akaenda chuoni.

Wasio raia nao wana mlango wao, mwembamba. Sheria inaruhusu kila kimoja cha vyuo vitatu vikubwa kuwa na wanafunzi wa kigeni hadi 60 kwa wakati mmoja, na wanaopelekwa ni wale waliopendekezwa na serikali zao kupitia ubalozi wa Marekani. Mkuu wa serikali ya Kambodia, Hun Manet, alipita huko na kuhitimu West Point mwaka 1999. Kijana wa Dar es Salaam au Kisumu mwenye ndoto hiyo aanze kwa kuuliza kwenye ofisi ya mwambata wa kijeshi ubalozini. Akihitimu atarudi kulitumikia jeshi la nchi yake.

Kuhusu neno bure. Mhitimu wa West Point anadaiwa miaka 5 ya utumishi kamili na mingine 3 ya akiba. Anayeteuliwa kuwa rubani wa Jeshi la Anga anadaiwa miaka 10 baada ya kumaliza mafunzo ya urubani. Katika miaka miwili ya mwanzo anaweza kuondoka bila deni. Akishaanza mwaka wa tatu amejifunga, na akiacha anaweza kutakiwa kulipa gharama au kutumikia kama askari wa kawaida. Mzazi akae na mwanawe walizungumze hilo kabla fomu ya mbunge haijatumwa, kwa sababu atakayepelekwa vitani ni mtoto. Kama kinachotafutwa ni shahada isiyo na ada, vyuo vikuu vingi vya Marekani vina misaada kwa familia zenye kipato kidogo. Aombe huko, na ile nafasi moja ya wilaya yao aiache kwa jirani anayetaka kuwa mwanajeshi.